Kwaresima ya Maneno Matamu

Mama yangu alikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumwita mwizi wa kuku mbele ya mumewe, mbele ya watoto wake na mbele ya mtaa mzima, naye akashinda na furaha kutwa. Mtu huyo alikuwa fundi viatu, Mnyamwezi, muumini wa kanisa letu, mgane asiye na mtoto, aliyepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu, Kikwajuni. Mama alikuwa Mzigua. Mimi na ndugu zangu tulizaliwa Unguja, na bara tuliijua kwa masimulizi tu. Lakini tangu hatujaweza kusoma tulijua kwamba Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na kwamba utani huo ni udugu wa aina yake. Ulianza zamani za misafara, wazee wao walipokuwa wakipita katika nchi ya wazee wetu na mizigo mabegani, wakipigana leo na kugawana chakula kesho, hadi wakachoka kupigana na kuamua kutukanana badala yake, kwa amani na kwa vizazi vyote.

Kila asubuhi mama alipokwenda sokoni Darajani alipita mbele ya baraza ambapo mzee aliketi na nyundo yake, sindano yake na viatu vya watu. Salamu zao sikuwahi kuzisikia zikianza kwa hujambo.

"Mnyamwezi, bado upo? Nilidhani wenzio wameshakupitia na mzigo."

"Nimebaki kulinda kuku wa majirani. Nimesikia kuna Mzigua anazurura na kikapu kitupu."

"Kikapu kitupu kina heshima yake. Babu yako alipofika pwani akaiona bahari, si alikaa chini akangoja maji yapite ndipo avuke?"

"Alikaa, sikatai. Na aliyemuuzia mkeka wa kukalia alikuwa babu yako, na mkeka wenyewe ulikuwa wa wizi."

Mama akitoka hapo alitembea kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Sisi watoto tulimwita mzee babu. Tulimwamkia shikamoo, naye akatuitikia marahaba kwa upole, kisha akatuuliza kama mama yetu ameshaanza kutufundisha kuiba au anangoja tupate kipaimara kwanza. Baba, seremala asiye na maneno mengi, alipenda kusema kwamba akitaka kujua afya ya mkewe hana haja ya daktari. Anamsikiliza tu akipita pale barazani.

Lakini utani haukuwa mchezo wa asubuhi peke yake. Mke wa mzee alipofariki, mama ndiye aliyetangulia kufika. Alichota maji, akapika, akafagia uwanja, kazi zote ambazo wafiwa hawapaswi kuzigusa. Kisha akajifunga kanga za marehemu, akashika mwiko na kuanza kuwagombeza wapishi kwa sauti ya marehemu mwenyewe, ile sauti iliyopanda puani kila ilipotajwa chumvi. Waombolezaji walicheka huku machozi yakiwatoka. Mzee, ambaye tangu asubuhi alikuwa kama gogo, aliinua kichwa, akacheka, kisha ndipo akaweza kulia. Ndivyo Mnyamwezi anavyozikwa na watu wake. Hilo nililielewa nikiwa mdogo sana, bila mtu kunieleza.

Mwaka ninaotaka kuueleza ulikuwa wa mwishoni mwa miaka ya hamsini, Kwaresima na Ramadhani zilipoingiliana, na nusu ya mji ikawa imefunga kwa namna moja na nusu nyingine kwa namna yake. Mlezi wa chama cha akina mama kanisani kwetu, Mkunazini, alikuwa sista wa Kiingereza. Kiswahili chake alikipata vitabuni, kikawa safi na kimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi pande zote mbili. Kabla ya Jumatano ya Majivu aliwauliza akina mama mwaka huu wangependa kujinyima nini. Mmoja akasema nyama. Wenzake wakacheka, maana nyama ilikuwa imetuacha yenyewe kitambo. Mwingine akasema sukari, na hakuna aliyeiunga mkono hoja hiyo.

"Basi tufunge ulimi," alisema sista. "Lisitutoke neno la ukali, wala dhihaka, wala kejeli, mpaka Pasaka. Na kila siku, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja ampe neno la kumtia moyo."

Mama alikuwa kiongozi wa chama. Alisimama akasema, "Tumekubali," kabla wenzake hawajapata muda wa kupima ugumu wa jambo lenyewe.

Ni lazima nieleze kwamba mama hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Alipopiga pasi, alipiga na vitambaa vya kushikia sufuria. Alipofagia, alifagia na sehemu ya uwanja iliyokuwa ya jirani. Kwa hiyo alipofunga ulimi, nyumba nzima iliingia katika msimu ambao hatujawahi kuuona.

Siku ya kwanza nilivunja kikombe. Mama alifumba macho, akayafumbua, akaniambia, "Mwanangu, una mikono mizuri. Itazoea." Nilijificha nyuma ya nyumba mpaka jioni, kwa kuwa niliamini adhabu yangu imewekwa akiba mahali. Kaka yangu, aliyeleta hesabu zilizokosewa zote, alisifiwa hati yake. Baba aliambiwa asubuhi moja kwamba anakoroma kwa utulivu kuliko wanaume wengine, akabaki ameshika kikombe cha chai, akitafakari ni wapi mama aliwasikia hao wengine. Sokoni, samaki waliokuwa na macho mekundu mama hakuwaita wabovu. Alimwambia muuzaji kwamba wanaonekana wamesafiri.

Jirani yetu wa karibu, Bibi mmoja wa Kiislamu, mtu mzima aliyeheshimiwa na mtaa wote, aliniita siku moja kutoka upande wa pili wa ua wa makuti.

"Naam, Bibi," niliitika.

"Mwanangu, mamako kafanywa nini? Kapita hapa sasa hivi kaniambia ukuta wangu umesimama vizuri. Ukuta huu unaanguka tangu mvua za mwaka juzi."

Nilimweleza habari ya mfungo wa ulimi. Alisikiliza huku akichambua mchele wa futari.

"Hata sie tunayo saumu ya ulimi," alisema. "Lakini sie tunanyamaza tu, mwanangu. Hatuzunguki mitaani tukiwapaka watu asali."

Wakati haya yakitokea mzee fundi viatu hakuwapo mtaani. Homa ya mapafu ilikuwa imempata, akalazwa hospitalini, na mfungo ukaanza yeye akiwa huko. Aliporudi alikuwa amekonda mpaka shati lake lilionekana kama la kuazima. Daktari alimwambia mama, ambaye ndiye aliyekwenda kumchukua pamoja na baba, kwamba ugonjwa wenyewe umekwisha. Hatari iliyobaki ni kitanda. Mzee lazima aketi, lazima atembee hadi mlangoni asubuhi na jioni, na lazima ale. Akilala chali tu, kifua kitajaa tena, na mara hii huenda asivuke. Mama alilieneza agizo hilo mtaa mzima, na mtaa mzima ukalishika.

Kesho yake alikwenda kumwona, nami nyuma yake nimebeba uji. Mzee alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba ambacho hata alipokuwa na afya hakikumtosha. Miguu yake ilitokeza nje kwa ncha ya pili. Mama alisimama mlangoni akaitazama ile miguu. Nililiona neno likimpanda kooni, likafika mdomoni, likachungulia. Akalimeza.

"Mzee wangu," alisema, "Mungu ni mwema. Uso wako una nuru."

Mzee aligeuza kichwa akatazama nyuma yake, kwenye ukuta, aone anayeambiwa ni nani.

"Ni wewe, mzee wangu. Umependeza."

Alimkazia macho kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Asante, mama."

Sikuwahi kumsikia akimshukuru mama kwa lolote. Wala sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Nilitaka tuondoke.

Siku zilizofuata mambo yalizidi. Akina mama wa chama, kila mmoja akiwa na neno moja la kutia moyo ambalo lazima limtoke kabla jua halijatua, waligundua kwamba mgonjwa ni mahali pazuri pa kuliweka. Hakuna aliyelazimika tena kumtafutia sifa mume wake au mkwe wake. Walikuja na vikapu vyao, wakaketi kidogo, wakasema, wakaondoka wepesi. Mzee alisifiwa ushonaji wake. Alisifiwa subira yake. Alisifiwa sauti yake kanisani, yeye ambaye aliimba kama bawaba ya mlango. Mama mmoja, aliyezidiwa na moyo wake mwema, alimwambia kwamba hatasahaulika.

Mzee aliwashukuru wote. Na kadiri alivyoshukuru ndivyo alivyozidi kuzama kitandani. Siku za kwanza alikuwa ameketi kidogo, tena aliwahi kufika mlangoni akishika ukuta. Sasa aliacha kuketi. Uji niliompelekea asubuhi niliukuta mchana umefanya utando juu. Kifua chake kilianza kutoa tena ile sauti ya maji yanayochemka mbali, nasi tulioagizwa na daktari tulijua maana yake. Mama alizidisha upole. Hakuwa na dawa nyingine.

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya mapaa, baba alirudi kutoka kazini akaketi bila kunawa.

"Mzee kaniita nikampime," alisema.

"Ukampime nini?"

"Jeneza."

Mama aliacha kukoroga.

"Kasema nisitumie mbao za mwembe, mchwa wanazipenda. Na kasema nisimbane mabega."

"Daktari kasema anapona."

"Nimemwambia. Kasema yeye ana habari zaidi ya daktari."

"Wewe ukafanyaje?"

"Nikampima," alisema baba kwa haya. "Ningemkatalia vipi? Alikuwa ananiangalia kama mteja."

Asubuhi iliyofuata nilitumwa tena na uji, na agizo kwamba nisirudi na bakuli lililojaa. Mzee alikuwa ameligeukia dirisha dogo. Nyundo yake na sindano zake alikuwa amezifunga kwenye kitambaa, akaziweka juu ya kigoda kama vitu vya msafiri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Weka hapo uende."

"Mama kasema mpaka ule."

"Kasemaje hasa? Nipe maneno yake."

Nikampa kama yalivyo. "Kasema, mwambie mzee wangu, tafadhali, ale kidogo kwa faida ya mwili wake."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa barua aliyokuwa akiitarajia. "Unaona? Tafadhali. Mzigua hamwambii Mnyamwezi tafadhali mpaka ameiona sanda yake imeshakunjwa. Daktari kamwambia mamako jambo, nanyi nyote mnalijua, mnanificha. Mnanizungumzia kwa sauti ya matangani, nami bado nimo chumbani."

"Si hivyo, babu. Ni Kwaresima. Wamefunga ulimi."

"Nani kafunga?"

"Chama kizima. Hawasemi neno la dhihaka mpaka Pasaka."

Nilidhani nimempa habari njema. Badala yake sauti yake ilishuka.

"Basi nikifa kabla ya Pasaka nitazikwa kama mgeni. Padri atasoma, watu wataimba, watarudi kwao. Hakuna atakayevaa kofia yangu akaniigiza. Ndugu zangu wa damu wako bara, sijui yupi yu hai. Hapa kisiwani ndugu yangu ni huyo mwizi wa kuku. Mke wangu alizikwa na watu wake, mjukuu wangu. Mimi nitazikwa na maneno mazuri."

Nilirudi nyumbani na bakuli lililojaa, nikamweleza mama neno kwa neno. Aliketi kwenye kinu kilicholala akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akajifunga kanga nyingine juu ya ile aliyokuwa nayo, akanishika mkono, tukaenda Mkunazini kwa sista.

Tulimkuta bustanini akimwagilia mkomamanga. Mama hakupoteza muda.

"Sista, utani ni dhambi?"

Sista aliomba apewe mfano. Mama alisita, akanitazama mimi, akatazama njia kama kuna anayekuja, kisha akatoa ule wa babu aliyengoja bahari ipite. Masikio ya sista yakawa mekundu.

"Na yeye hukujibu nini?"

Mama akampa wa mkeka.

"Na baada ya hapo mnapatana?"

"Baada ya hapo nakwenda sokoni, Sista."

Sista aliweka ndoo chini. "Mama, sisi tuliahidi tusiseme dhihaka. Jiulize hivi: je, neno hilo ungeweza kumwambia Bwana Yesu?"

Mama alilifikiria swali hilo kwa moyo wake wote, nilimwona. "Hapana, Sista," alisema. "Yeye si Mnyamwezi."

Sista aligeuka akautazama mkomamanga kwa muda mrefu kuliko mti ule ulivyostahili, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Alipotugeukia macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Mimi niliweka mfungo huu kwa ajili ya maneno yanayoumiza," alisema. "Haya yenu siyajui. Sikuzaliwa ndani yake. Siwezi kukuambia useme, wala siwezi kukuambia usiseme. Huyo mzee unamjua wewe. Nenda ukasali, mama."

Lilikuwa jibu la kweli, na sasa ninamheshimu kwa kulitoa, lakini halikumpa mama pa kuegemea. Alikuwa ameweka ahadi mbele ya chama kizima kwa kinywa chake, na ahadi kwake ilikuwa kitu kizito. Aliingia kanisani, akapiga magoti, nami nikamngoja kwenye kiti cha nyuma. Alipotoka alifunga kanga vizuri kichwani.

"Nimemwambia Mungu," alisema, "kama hataki, anizuie kabla hatujafika Kikwajuni."

Niligundua kwamba tulirudi kwa njia ya mkato, tena kwa mwendo wa haraka.

Mzee alikuwa vilevile, ameligeukia dirisha. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Hakubisha hodi.

"Nasikia umeagiza jeneza."

Mzee hakugeuka. "Mumeo ana mdomo."

"Mume wangu ana mbao chache. Tangu jana anazunguka nyumba akiangalia cha kubandua. Anasema kwa mabega haya huenda akaung'oa mlango wa jikoni. Mlango wangu wa jikoni, Mnyamwezi, kwa ajili ya mtu aliyeshindwa kuketi kwa uvivu."

Kichwa kikasogea juu ya mto.

"Umesemaje?"

"Nimesema uvivu. Wazee wako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani. Wewe hata kichwa chako mwenyewe huwezi kukibeba, na hakina kitu ndani."

Alijiinua kwa kiwiko. Kikohozi kikambana, kikamtikisa mwili mzima, nami nikaenda mbio kumshika. Mama alinivuta nyuma.

"Muache. Akitaka kunijibu ataketi. Mimi sijibizani na mtu aliyelala kama mkungu wa ndizi ulioangushwa na upepo."

Alikuwa anasema hivyo huku vidole vyake vikinibana mkono mpaka ukaniuma. Hakujua kama ananibana. Alikuwa akikiangalia kile kifua. Mzee aliushusha mguu mmoja, kisha wa pili. Akashika kingo za kitanda. Akavuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, lakini alikuwa ameketi, na macho yake yalikuwa yamefunguka kabisa.

"Kwanza," alisema, "wazee wangu walibebeshwa pembe kwa sababu waliaminiwa. Babu yako alipewa kuku mmoja ampeleke ng'ambo ya pili ya mto. Kuku yule hajafika mpaka leo."

Mama aliufunika uso kwa upindo wa kanga. Alipoufunua alikuwa ameshajirekebisha.

"Na pili?"

"Pili, lete huo uji. Siwezi kumtukana Mzigua na tumbo tupu."

Nilimpa. Alikunywa polepole, akipumzika kila baada ya mafunda machache, na mama hakumwambia kitu cha kumsifu. Katikati ya bakuli mzee aliacha kunywa akamtazama.

"Uji gani huu? Umeupika au umeuokota?"

"Nimeuiba," alisema mama. "Ulidhani ningeununua?"

Mzee alitikisa kichwa kwa ridhaa akaendelea. Bakuli lilipokaribia kuisha alizungumza tena, mara hii bila mzaha.

"Daktari alikuambia nini?"

"Alisema ukiketi na ukala, utapona. Ndivyo alivyosema, sijakuficha chochote."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kila siku."

"Uliniambia kwa tafadhali," alisema mzee. "Ningeaminije?"

Mama alichukua bakuli, akaliangalia ndani, akamwamuru asimame waende hadi mlangoni, maana jeneza halijawa tayari na hana pa kulala. Alimshika mkono upande mmoja, mimi nikamshika upande wa pili. Alikuwa mwepesi kama kiti cha ukindu. Njia nzima, na haikuwa ndefu, walikuwa wakizozana juu ya nani kati yao anamkanyaga mwenzake.

Nisieleweke vibaya. Sijaandika haya kuucheka mfungo wa sista. Tangu wakati huo nimesoma chuo, nimefundisha madarasa mengi, nimeketi katika mikutano ya kanisa ambamo maneno ya upole yangeweza kuokoa jioni nzima, na hayakusemwa. Najua thamani yake. Kaka yangu, aliyesifiwa hati, alianza kuzipenda hesabu mwezi uleule, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alifungua daftari bila kuogopa kofi. Mama mwenyewe hakurudi kabisa katika ukali wake wa zamani. Pasaka ilipita, na vikombe viliendelea kuvunjika, lakini kabla ya kugomba alikuwa amejifunza kufumba macho kwanza. Baba alisubiri asifiwe tena kukoroma kwake, na hakusifiwa.

Ninachosema ni kwamba wale akina mama wa chama, watu wema kabisa, walimpelekea mzee kile kilichokuwa rahisi kwao kukitoa. Walitaka siku yao isipite bila neno jema, wala hakuna aliyekusudia mabaya. Lakini kumtia mtu moyo ni kazi ya kumtazama mtu mwenyewe, na katika chumba kile hakuna aliyemtazama. Mama alimtazama, akaona, akatoa neno lililokuwa gumu kwake kulitoa, kwa sababu alikuwa ameahidi mbele ya Mungu asilitoe. Sijui wanateolojia wangelipanga wapi tendo hilo. Najua tu kwamba mkono wangu ulikuwa na alama za vidole vyake mpaka siku ya pili.

Mama alikwenda mwenyewe mbele ya chama akaeleza alichofanya, na kwamba atakirudia kila siku mpaka mzee apone, na kwamba kwa watu wengine wote ulimi wake umebaki umefungwa. Sista alisema ni vyema. Ilipatikana ruhusa ya Mzigua mmoja kwa Mnyamwezi mmoja, na wengine wakaambiwa wapeleke maneno yao mazuri kwa waume zao.

Lakini siku hiyo mama mmoja hakufika mkutanoni, na habari ilikuwa haijamfikia. Asubuhi moja mzee alikuwa ameketi nje barazani kwa mara ya kwanza, amefunikwa shuka, kikombe cha chai mkononi, na mama na majirani wawili watatu wamemzunguka. Yule mama akaja na kikapu chake, akasimama mbele ya mzee, akamwinamia kwa huruma.

"Baba," alisema, "leo unang'aa kama malaika."

Mkono wa mzee ulisimama njiani, kikombe hakijafika mdomoni. Hakumtazama aliyesema. Alimtazama mama, na rangi ilianza kumtoka usoni.

"Ni jasho hilo linalong'aa," alisema mama, bila kuacha kuchambua mboga zake. "Ametoka kitandani akafika hapa, anadhani amefika Tabora. Ngoja atuombe posho ya msafara."

Mzee alishusha pumzi ndefu. Akanywa chai yake, akafuta mdomo kwa nyuma ya kiganja, akamgeukia yule mama na majirani waliomzunguka.

"Mmemsikia?" aliwauliza, kwa sauti ya mtu anayeonyesha nyumba yake mpya. "Huyu ndiye ndugu yangu."

"Usinisingizie," alisema mama.